AJALI YA KIPILEFTI INA KINGA



Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto, kliniki ya akina mama wajawazito na usafi wa maji. Mwezi huu naomba mniruhusu nizungumze juu ya kipilefti. Najua wapo watakaouliza: muuguzi na kipilefti, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba vitanda vingi vya wodi ya majeruhi katika hospitali yetu ya misheni hulaliwa na watu walioletwa kutoka barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo ajali. Jambo linaloua vijana wetu kiasi hicho ni jambo la afya.

Tukienda kumpa pole mgonjwa wa ajali, au tukiwa msibani, mara nyingi husikika mtu akisema, "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Mwingine huongeza, "Ni mipango ya Mungu." Nimesikia maneno hayo kwa miaka zaidi ya thelathini ya kazi yangu, na kwa heshima zote kwa wahenga wetu, napenda kusema kwamba siyakubali. Ajali nyingi nilizopokea mlangoni pa hospitali zilikuwa na kinga, tena kinga isiyohitaji fedha. Nitaeleza moja tu, kwa sababu aliyeisababisha ni mimi mwenyewe.

Jinsi nilivyomwangusha mtoto wa watu

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa nimeshapita miaka hamsini. Kliniki zetu za vijijini zilikuwa zikiahirishwa kila dereva alipougua, nikaona heri na mimi nijifunze. Nikajiandikisha katika chuo cha udereva, nikapata leseni ya kujifunza, na gari la chuo likiwa na lile bango la L mbele na nyuma, tukaanza. Wiki ya kwanza tulizunguka kiwanja cha mpira. Nilijifunza klachi, gia, breki na kurudi nyuma. Wiki ya pili mwalimu wangu, kijana mpole tu, akasema, "Mama, sasa uko vizuri, leo tunaingia mjini."

Tulishuka hadi Moshi mjini, na mbele yetu kikatokea kipilefti. Nilimwuliza, "Mwanangu, hapa napitaje?" Akanijibu, "Usiogope mama, fuata tu wenzako." Upande wa kushoto kulikuwa na daladala inayokwenda taratibu, basi mimi nikashika upande wa kulia uliokuwa wazi. Nikaingia. Nilipofika usawa wa barabara ya kwanza, mwalimu akakumbuka kwamba tulitakiwa kwenda sokoni, na soko lilikuwa kushoto. Akapaza sauti: "Kata hapo mama, kata!" Nikakata.

Sikutazama kioo. Kushoto kwangu alikuwapo kijana wa bodaboda aliyekuwa akienda moja kwa moja, katika njia yake ya halali kabisa. Ubavu wa gari ulimgusa usukani, pikipiki ikalala, naye akaanguka akijikinga kwa kiganja. Nilishuka miguu ikitetemeka. Alikuwa amekaa chini ameshika mkono wake, akaniuliza bila matusi, "Mama, hukuniona?" Sikuwa na la kumjibu, maana kweli sikumwona, na sikumwona kwa sababu sikutazama.

Nilimpeleka hospitalini mwenyewe. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Alifungwa piopii, ile ambayo wengi huiita hogo, kwa wiki sita. Kwa mtu wa ofisi wiki sita ni likizo ya ugonjwa. Kwa kijana anayelipa hesabu ya pikipiki ya mtu mwingine kila jioni, wiki sita ni pikipiki kupewa dereva mwingine, kodi ya chumba kulala na watoto kula mlo mmoja. Mke wake alikuja na mtoto mgongoni, akaniamkia "Shikamoo mama," kana kwamba mimi ndiye niliyewasaidia. Gharama ya matibabu nililipa, na unga na mafuta nilipeleka kwao kila Jumamosi mpaka piopii ilipotolewa. Lakini sitasahau jambo aliloniambia yule kijana: dakika chache kabla ya kufika pale alikuwa amemshusha mama mwenye mtoto mchanga. Wangekuwa bado wamepakiwa nyuma yake, pengine leo nisingeweza kuandika makala haya.

Mwalimu wangu alisema, "Mama, hiyo ni bahati mbaya tu." Hapana. Lilikuwa kosa lenye jina. Niliingia katika kipilefti kwa njia isiyo yangu, halafu nikajaribu kulisahihisha kwa kukata mbele ya mwenzangu. Hakuna aliyenifundisha kuchagua njia, na mimi sikushikilia nifundishwe.

Kipilefti ni nini, na kwa nini kipo

Jina lenyewe lilitokana na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva kushika kushoto. Babu zetu wakalisikia, wakalitia katika Kiswahili, na leo tunasema kipilefti na vipilefti kana kwamba neno limezaliwa nalo kijijini. Dar es Salaam wana kile cha Sanamu ya Askari, sanamu iliyosimama pale tangu mwaka 1927. Arusha na Moshi wana minara ya saa. Kwa wageni wengi kipilefti ni mahali pa kuelekezana njia tu, lakini kazi yake kubwa ni kulinda maisha.

Mafundi wa barabara wamehesabu kwamba katika njia panda ya kawaida ya barabara nne kuna pointi 32 ambapo magari yanaweza kukutana na kugongana. Katika kipilefti cha njia moja zimebaki 8. Tena kipilefti humlazimisha dereva kupunguza mwendo, na hapo ndipo penye siri ya afya, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Kwenye njia panda gari hugonga jingine ubavuni kwa kishindo, na ubavuni mtu analindwa na bati la mlango tu. Kwenye kipilefti magari hukwaruzana kwa pembe ndogo, na kwa mwendo mdogo. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2001, baada ya njia panda kadhaa kubadilishwa kuwa vipilefti, ulionyesha kwamba ajali za kujeruhi watu zilipungua kwa robo tatu au zaidi.

Lakini faida hiyo hutegemea watu kuzijua kanuni zake. Waingereza, ambao utaratibu wetu wa barabarani ulitoka kwao, waliteseka miaka mingi na vipilefti vilivyokuwa vikijifunga kwa msongamano, mpaka mwaka 1966 walipoweka kanuni kwamba anayeingia ampishe aliyemo ndani. Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyovifungua. Nasi tunaifuata: ukifika kwenye kipilefti, mpishe anayetoka kulia kwako, ambaye tayari yumo katika mzunguko.

Chagua njia kabla ya kuingia

Sasa nieleze lile ambalo mimi sikuelezwa. Wakina mama mnaosomea jikoni, vijana mnaojiandaa kwenda chuo cha udereva, someni polepole sehemu hii.

Chukua saa ya ukutani, ile ya mishale. Weka kidole kwenye namba 6, chini kabisa. Hapo ndipo wewe unapoingilia. Namba 9 ni barabara ya kushoto kwako, namba 12 ni ya moja kwa moja, namba 3 ni ya kulia. Magari katika nchi yetu huzunguka kipilefti kama mishale ya saa inavyozunguka: kutoka 6 kwenda 9, halafu 12, halafu 3. Kipilefti kikubwa kina njia mbili zinazokwenda sambamba, au "leni" kama wasemavyo madereva. Ya kushoto ni ya nje. Ya kulia ni ya ndani, iliyo karibu na bustani.

Ukienda kushoto, yaani namba 9: shika njia ya kushoto mapema, washa indiketa ya kushoto kabla ya kufika, na iache iwake mpaka umetoka.

Ukienda moja kwa moja, yaani namba 12: mwanafunzi ashike njia ya kushoto, isipokuwa kama mishale iliyochorwa barabarani au kibao kinasema vingine. Usiwashe indiketa unapoingia. Ukishaipita barabara ya namba 9, washa ya kushoto ili wengine wajue kwamba unatoka inayofuata.

Ukienda kulia, yaani namba 3, au ukitaka kugeuka urudi ulikotoka: shika njia ya kulia mapema, washa indiketa ya kulia, zunguka karibu na bustani. Ukishaipita barabara iliyo kabla ya yako, washa indiketa ya kushoto, tazama kioo cha kushoto, geuza na shingo utazame, ndipo utoke.

Katika hayo yote neno kubwa ni "mapema". Njia huchaguliwa mita nyingi kabla ya kufika, wakati gari bado liko kwenye barabara iliyonyooka na una nafasi ya kutazama vioo na kusoma vibao. Ndani ya mzunguko hakuna nafasi ya kufikiri. Hapo mikono inageuza usukani, mguu uko kwenye klachi, kulia kuna lori na kushoto kuna pikipiki. Ndiyo maana mwalimu asimwambie mwanafunzi aende wapi wakati wameshaingia. Amwambie mapema, naye mwanafunzi arudie kwa sauti: "Nakwenda kulia, nashika njia ya kulia, nawasha ya kulia." Sisi wauguzi hufanya hivyo kabla ya kumchoma mgonjwa sindano: tunasoma jina la mgonjwa, jina la dawa na kipimo, ndipo tunachoma. Hakuna muuguzi anayesoma jina la dawa wakati sindano imeshaingia.

Ukikosea, zunguka tena

Hata mtu aliyefundishwa vizuri atakosea siku moja. Utajikuta uko njia ya ndani, na barabara yako inakupita upande wa kushoto. Ufanye nini? Usikate, wala usisimame katikati, na kurudi nyuma ni hatari zaidi. Endelea kuzunguka. Kipilefti hakina mwisho, nacho kitakuleta tena pale pale. Ukija mara ya pili, uwe umeshatazama kioo na kuwasha indiketa, utoke kwa amani. Na kama uko njia ya nje na mzunguko unakulazimisha utoke barabara usiyoitaka, toka tu, ukageuzie mbele mahali salama.

Kuzunguka tena kunapoteza muda kidogo na mafuta kidogo. Mimi nilikataa kupoteza hicho kidogo, na kijana wa watu akapoteza wiki sita. Nadhani kinachotuzuia kuzunguka tena ni aibu. Tunaogopa mwalimu atasema hatujui, abiria watatucheka, wa nyuma atapiga honi. Basi apige. Honi haijawahi kumvunja mtu mfupa. Sisi Wakristo tulifundishwa tangu kipaimara kwamba anayekosa hukiri na kuanza upya, wala hafichi kosa kwa kutenda jingine. Barabarani pia ni hivyo.

Wengine wanaotumia kipilefti

Kwa ndugu zangu wa bodaboda nina ombi. Yule kijana wangu hakuwa na kosa, lakini wengi wenu huwa mnapenya kati ya magari ndani ya mzunguko, mahali ambapo dereva hata akitazama kioo hawaoni. Msikae ubavuni mwa gari. Ama mtangulieni aonekane kwa macho yake, ama bakini nyuma yake. Na kofia ngumu ziwe mbili, ya kwako na ya abiria, zikifungwa kidevuni. Mkono uliovunjika tunaufunga piopii. Ubongo uliopasuka hatuna piopii yake.

Malori yenye matela nayo yapewe nafasi. Lori refu haliwezi kuzunguka kipilefti kidogo likiwa ndani ya njia moja, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Ukiliona limeingia, usijipenyeze pembeni yake. Subiri nyuma.

Wenye ndugu wanaoendesha magari kwenda Rwanda, Burundi au Kongo wawakumbushe kwamba huko watu hushika kulia, kwa hiyo kipilefti huzungukwa kinyume na saa, na anayepishwa ni yule wa kushoto. Kenya na Uganda ni kama kwetu.

Halafu kuna misafara ya arusi. Najua nitawaudhi wengi. Baada ya misa ya ndoa, bibi na bwana arusi hupelekwa mjini, matarumbeta yakiwa yamepandishwa juu ya pikapu, mpiga picha amesimama huku anatazama nyuma, na msafara mzima unazunguka kipilefti mara tatu au nne ukiwa umejaza njia zote mbili. Furaha ni haki yao. Lakini wapiga matarumbeta hawana mkanda, na dereva wa pikapu anatazama arusi badala ya barabara. Kamati za arusi zinazokaa miezi mitatu kupanga rangi za vitambaa zitenge dakika kumi za kupanga msafara: njia moja tu, watu wakae chini, na picha zipigwe bustanini magari yakiwa yameegeshwa mahali panaporuhusiwa.

Leseni isiyo na mafunzo ni sumu

Wazazi wapendwa, sasa nasema nanyi. Wapo miongoni mwetu wanaouza ng'ombe ili kijana wao apate leseni haraka, awahi kazi ya udereva. Wanasikia kwamba kuna mtu anayeweza "kuwasaidia" bila kijana kukaa darasani, wanatoa fedha, na baada ya muda kadi inapatikana. Mzazi anaona amemsaidia mwanawe. Kwa maoni yangu amempa sumu ndani ya chupa yenye nembo ya dawa. Kadi ile haimfundishi kijana kushika njia ya kulia au ya kushoto. Inamwambia tu aende mbele ya watu akajaribu. Rushwa ya namna hiyo ni dhambi, na matokeo yake tunayashona sisi chumba cha upasuaji.

Hata penye chuo halali, mzazi aulize maswali kabla ya kulipa. Je, mwanafunzi atafundishwa alama za barabarani darasani kabla ya kushika usukani? Atapelekwa kwenye kipilefti mara ngapi? Saa ngapi? Mimi nashauri mara ya kwanza iwe Jumapili asubuhi mapema, magari yakiwa machache, na siyo saa ya soko. Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo kinafundisha kuwasha gari tu.

Na parokia inaweza kufanya kitu. Mwaka uliopita katika semina ya VIWAWA hapa kwetu tulichora kipilefti kikubwa kwa majivu kwenye uwanja wa kanisa, njia mbili, barabara nne. Tuliweka ndoo ya maua katikati kuwa bustani. Vijana wenyewe walikuwa magari. Kila mmoja aliambiwa mahali anapokwenda, akanyoosha mkono kuwa indiketa, akaingia. Dakika tano za kwanza walikuwa wakigongana mabega na kucheka. Niliwasimamisha nikawaambia, "Kila bega lililogongwa ni mtu mmoja wodini kwangu." Kicheko kikapungua. Tukawafundisha juu ya namba 6, 9, 12 na 3, wakarudia. Kufikia saa sita mchana walizunguka ishirini kwa pamoja bila kugusana, na aliyekosea njia akazunguka tena huku wenzake wakimpigia makofi. Gharama yake ilikuwa debe moja la majivu. WAWATA walikuwa wakitazama kutoka kwenye mwembe, na mwisho wa semina akina mama watatu waliniuliza kama na wao wanaweza kujifunza udereva. Niliwaambia wanaweza, mradi waanze na majivu.

Ikitokea umeikuta ajali

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, nimalizie kwa machache ya huduma ya kwanza. Kwanza zuia ajali ya pili: simamisha magari, weka alama nyuma ya eneo. Majeruhi asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu kama gunia, maana shingo au uti wa mgongo ukiwa umevunjika unaweza kumfanya apooze. Usimwondoe pale mpaka wawepo watu wa kumwinua akiwa amenyooka, kichwa na mwili kwa pamoja, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Kama anatoka damu nyingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kumbuka kwamba mfupa wa paja ukivunjika mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya nyama, bila tone kuonekana nje, basi asidharauliwe kwa kuwa hana kidonda. Usimpe maji, chai wala soda, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji. Mfunike asipate baridi, zungumza naye, na mfikisheni hospitali bila kuchelewa.

Neno la mwisho

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa kichungaji juu ya barabara, wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza ni ile ile tuliyoijua tangu utotoni: usiue. Wengi wetu hutubatizia magari, tunaning'iniza rozari kwenye kioo na tunamwomba Mtakatifu Kristofa. Ni vema. Lakini rozari haiwashi indiketa, na Mtakatifu Kristofa hashiki usukani. Mungu ametupa macho, shingo inayogeuka na akili ya kuchagua njia mapema.

Yule kijana mkono wake ulipona, akarudi kwenye kazi yake. Tukikutana mjini hupunguza mwendo, akanyoosha ule ule mkono uliovunjika kunionyesha anakoelekea, halafu hupita. Mimi nami huwasha indiketa nikiwa mbali, aone kwamba nimejifunza.

Basi mtu akiwaambia tena kwamba ajali haina kinga, mwulizeni kwanza kama alishika njia yake.

Mungu awabariki, na awalinde katika safari zenu.